Kifuko cha Baraka

Kwa miaka tisa Bi Umulkheir aliuficha uvimbe wake chini ya mtandio, na kwa miaka tisa hapakuwa na mtu mtaani Mkomani asiyeujua. Ndivyo mji ulivyo. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya saba watakuombea rehema.

Ulianza mdogo kama kokwa ya tende, chini ya taya la kushoto. Hauumi, hauwashi, ukiusukuma kwa kidole unateleza na kurudi mahali pake. Watu wakasema ni matubwitubwi. Ulipopita mwaka wakakumbuka kwamba matubwitubwi hayakai mwaka, na hapo Umulkheir akaenda zahanati, akaambiwa lililovimba ni tezi la mate, arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Maneno "tezi la mate" yalitoka zahanati kabla yake, yakafika nyumbani kumngoja.

Yeye alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila alasiri sebule yake ya chini ilijaa watoto arubaini na misahafu yao, na hakuna mtoto aliyetoka pale na herufi kombo. "Rudia," ndilo neno lake, alilitamka mara mia kwa siku, na ungelisikia hata ukipita nje na punda wako. Tena mtoto mgonjwa, mtoto asiyelala, mtoto aliyeshtushwa na jambo, aliletwa kwake asomewe. Akimaliza kusoma humtemea: humpulizia utosini pumzi yenye chembe ya mate, kama walimu wa mji walivyofanya tangu jadi. Na watoto walilala, wazazi wakashukuru. Basi mwalimu ambaye mate yake yanatuliza watoto wa mji mzima ameota kitu kwenye tezi la mate! Rawiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyelitamka kwanza.

"Hiko si ugonjwa, mwalimu. Hiko ni kifuko cha baraka."

Umulkheir alimkemea, akasema astaghfirullah, akasema maneno hayo yana dhambi. Lakini tuseme kweli, yalimpendeza. Mtu hupenda ugonjwa wake uwe na heshima. Mwaka wa tatu alikuwa amezoea kuushika uvimbe ule anapofikiri, na mwaka wa tano wanawake walikuwa wanawaleta watoto upande wa kushoto kwake.

Mwaka wa tisa uvimbe ulifika ukubwa wa limau. Taya lilikuwa kama limeota bega. Mumewe, Badawi, mchonga milango, mtu wa maneno machache kama wachongaji wengi, alimtazama siku moja akinywa chai, akaweka kikombe chini.

"Mimi mti ukiwa na nundu hivyo," alisema, "siwati mpaka niyue ndani muna nini."

Akampeleka mwenyewe. Wakati huo walikuwa wamekuja madaktari wa upasuaji kutoka bara, waliotua kwa ndege Manda na kuvuka kwa mashua na masanduku yao kuja kutibu watu kwa siku chache. Mmoja wao, Daktari Kagendo, mwanamke wa miaka arubaini hivi mwenye mikono midogo kama ya mtoto, aliuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba, akachukua maji yake kwenda kuyapima, akaondoka. Baada ya mwezi mmoja timu ikarudi, na majibu yakarudi nayo.

"Mama, hii si kansa," alisema Kagendo.

"Alhamdulillahi," alisema Umulkheir, akashika mkoba wake. "Basi nenda zangu."

"Hapana, kaa kwanza. Nisikize vizuri. Leo si kansa. Lakini hii aina ikikaa miaka mingi, ingine inageuka. Na yako imekaa tisa, na imeanza kukua haraka. Hiyo haraka ndiyo siipendi." Akachukua kalamu akachora kwenye karatasi duara ndani ya duara. "Iko na ngozi yake nyembamba sana, kama ule utando wa ndani ya yai. Lazima itoke nzima, pamoja na tezi lake. Ikipasuka inamwaga mbegu, na kila mbegu itaota uvimbe wake. Usikubali mtu aikande, aichome, wala aikate kwa wembe. Tumeelewana?"

Umulkheir alifikiri habari za Rawiya, ambaye juma lililopita tu alitaka kumletea mpiga chuku amchanje pale apunguze damu kidogo.

"Na hatari yake?" aliuliza Badawi.

Kagendo hakuwa daktari wa kupaka asali. Alisema katika uwanja ule mdogo chini ya taya inapita mishipa mitatu ya fahamu. Akaionyesha kwa kidole kwenye shingo yake mwenyewe. Mmoja unakwenda kwenye kona ya mdomo. Ukiumia, mdomo unapinda. Wa pili unaupa ulimi hisia. Wa tatu ndio unaousogeza ulimi. Kwa kawaida haiumii, na ikiguswa tu hurudi yenyewe. Lakini kuahidi hawezi.

Umulkheir alivuta kiti mbele.

"Nipa mkono," alisema.

"Mkono?"

Akauchukua mkono wa daktari, akaviweka vidole viwili kwenye midomo yake. "Ba. Mim. Waw. Fa. Hizi zatoka midomoni. Mshipa wako wa kwanza ndio wenye hizi?" Daktari akaitikia kwa kichwa. Umulkheir akafungua mdomo, akaonyesha. "Ta, dal, ncha ya ulimi. Kaf, mzizi wake. Dhad ni ubavu wa ulimi, nayo ilinitukua miaka miwili kuipata, na mwalimu wangu akinipija kwa kipepeo cha kupepeya moto. Hizi zote ni za mshipa wako wa tatu?"

"Zote," alisema Kagendo polepole.

"Na za koo?"

"Za koo haziko hatarini."

"Za koo ni sita." Umulkheir aliurudisha mkono wa daktari mapajani pa mwenyewe. "Nitabakiya na herufi sita, daktari. Nitamsomesha nani kwa herufi sita?"

Kagendo alisema yeye ataondoka Jumamosi, upasuaji wa mwisho ni Alhamisi, na kurudi kwao tena hakujui. Kisha akaita nje aletewe mashine ya presha, mlango ukafunguka, akaingia muuguzi wa kike aliyejitanda kijani. Alikuwa Hadil.

Umulkheir alimtambua kabla hajainua macho. Miaka kumi na mitatu nyuma msichana huyu alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa sebule ile ile, mwenye akili nyepesi kupita wenzake wote, ila ra yake haikutaka kutokea mahali pake. Ilitoka kooni, nene, kama ghain. Rudia. Rudia. Rudia. Aliirudia miezi minne. Siku ya dua ya kuhitimu, wazazi wamekaa, halua imepakuliwa, Umulkheir alimwambia mbele ya watu wote: "Wewe kaa nde usikilize. Msahafu hausomwi kwa ulimi mbovu." Mtoto akatoka akakaa kwenye baraza ya mlangoni. Akakaa pale kila alasiri kwa miezi mitatu, kisha siku moja hakuja tena. Baadaye ilisikika amesomea uuguzi, akapangiwa kazi kisiwani Kiwayu, akarudishwa mjini kwenye chumba cha upasuaji.

"Assalamu alaykum, mwalimu," Hadil alisema. Akamfunga mkono, akaipuliza mashine, akasoma, akaandika. "Presha iko yuu kidogo." Ra ya presha ilikuwa ile ile, imekaa kooni kwake kama alivyoiacha.

Umulkheir hakutia sahihi ya upasuaji siku ile. Alirudi nyumbani akasomesha kama kawaida, lakini masikio yake yalikuwa yanasikia kila herufi mara mbili, mara moja kinywani mwa mtoto na mara moja kinywani mwake, ikipinda. Rawiya akaja mbio. Amesikia kifuko kitatupwa kwenye pipa la hospitali, na akaomba, kama hapana budi kitolewe, basi apewe yeye akizike kiungani kwake karibu na mkomamanga. Alisema kwa heshima kabisa, machozi yakimlenga. Umulkheir hakujua acheke au amfukuze.

Badawi alingoja mpaka jirani aende.

"Utakwenda Alhamisi," alisema.

"Na nikiregea kinywa upande?"

"Uregee."

"Wewe hwelewi. Zile herufi ndizo mimi."

Badawi alikuwa anapangusa vumbi la mbao kwenye kucha zake, na aliendelea kulipangusa ingawa lilikuwa limekwisha. "Miaka thalathini na moya nazisikia herufi zako," alisema. "Ni nzuri. Lakini mimi sikuposa herufi. Ukifa na dhad yako nzima mimi nitaambiwa nini, kwamba ilikuwa nzima?" Sauti ilimkatika hapo, naye akatoka kwenda kwenye karakana yake. Umulkheir hakuwahi kumwona hivyo tangu wamzike mamake. Alilia kidogo, akanawa uso, akamtuma mtu hospitali kusema atakuja.

Jumatano asubuhi alizunguka kutaka radhi, maana mtu haingii kwenye safari wala kwenye kisu na deni la moyo. Akaingia nyumba kwa nyumba: niwiya radhi kwa nilokukosea nikiyua na nisipoyua. Wakamwia radhi, wakamkumbatia, wakamtilia asumini mkononi. Nyumba saba, kumi, kumi na mbili. Akateremka mpaka mtaa wa Langoni kwa kina Hadil. Mlango ulikuwa umerudishwa. Alisimama mbele yake kiasi cha mtu kusoma Alhamdu. Akajiambia muuguzi yuko kazini saa hizi, akajiambia kugonga mlango wa watu bila habari si adabu, akajiambia na mengine. Akageuka. Alijua vizuri kabisa kwamba ameogopa.

Alhamisi wakamlaza kwenye kitanda chembamba. Aliyekuja kumvua mtandio alikuwa Hadil. Aliuvua taratibu, akaukunja mara nne, akauweka juu ya kiti safi peke yake, hakuuchanganya na nguo nyingine. Shingo ya Umulkheir ikabaki wazi mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu usichana wake. Kagendo akaja na kalamu ya zambarau akachora mstari chini ya taya, vidole viwili kutoka kwenye mfupa.

"Nimezikariri herufi zako, mwalimu," alisema. "Ba, mim, waw, fa. Nitapita mbali nazo kadiri nitakavyoweza."

Hadil akashika kibumba cha hewa ya usingizi, cha kufunika pua na kinywa. Uso wake ulikuwa juu ya uso wa mwalimu, kinyumenyume, na barakoa iliuficha wote isipokuwa macho, wala macho yale hayakusema kitu. Umulkheir aliona yuko mikononi mwa mtu yule mmoja ambaye yeye hakumwendea kutaka radhi. Vipi kama neno hili ndilo la mwisho ulimi wake utakaloweza? Alifungua kinywa.

"Hadil, niwiya ra..."

"Vuta pumzi, mwalimu. Bismillahi."

Kibumba kikashuka na neno likabaki ndani.

Alipozinduka aliona kwanza dari, kisha kiu. Kinywa kilikuwa kikavu kama kifuu. Hakuita mtu. Alianza peke yake, bila sauti, tangu chini. Koo: hamza, ha, ain, zipo. Mzizi wa ulimi: kaf, ipo, alhamdulillahi. Ubavu: dhad. Ulimi ukaegemea magego, mzito, ukasukuma, na dhad ikaja, ile ile ya kipepeo. Ra ikapiga ncha. Alitaka kupiga ukelele kwa furaha. Akafika midomoni. Ba ilifunga. Mim ilifunga, lakini upande wa kushoto ulichelewa, kama mlango uliovimba kwa mvua. Akatia fa. Mdomo wa chini haukwenda ulikotumwa, pumzi ikavuja pembeni, na mate machache yaliyokuwapo yakamteremka kidevuni.

Mkono wenye pamba uliyapangusa. "Vimetoka vizima," Hadil alisema. "Uvimbe na tezi lake, havikupasuka. Mimi nimeona kwa mato yangu."

"F..." alisema Umulkheir. "F..."

"Usiseme sasa."

Kagendo akaja akamweleza. Mshipa wa kona ya mdomo ulikuwa umelala juu kabisa ya uvimbe, umenyooshwa nao kwa miaka tisa. Hakuukata. Aliubandua kidogo kidogo kwa saa nzima, na sasa umechoka. Labda wiki sita, labda miezi sita. Labda kidogo kitabaki. Alimshika mkono alipokuwa akisema hivyo, na Umulkheir akageuzia uso ukutani.

Siku ya tano akafungua chuo. Badawi alidhani amepata faraja, akafurahi, mpaka aliposhuka alasiri na kuona watoto wamejipanga ndani na msichana mkubwa anawasomesha, na mkewe kakaa nje, kwenye baraza ya mlangoni, kajifunika mdomo kwa mtandio.

"Wafanyani hapa?"

"Nimekaa mahala pa mwenye kinywa kibovu," alisema Umulkheir. "Sheria ni yangu, si ya mtu."

Hakuna aliyeweza kumwondoa. Rawiya alijaribu kwa maneno, Badawi kwa kunyamaza. Alikaa siku ya tano, ya sita na ya saba, juani mpaka kivuli kilipogeuka, na kila fa ya watoto iliyotoka vizuri ndani ilimchoma. Mwaka baada ya mwaka aliwafundisha watoto hawa kwamba asomaye kwa tabu ana thawabu mbili. Alilisema kwa kinywa kizuri, kirahisi, na kumbe hakuwahi kulisikia.

Siku ya saba Hadil alikuja na kimkoba chake kutoa nyuzi. Alifika mlangoni, akamwona aliyekaa pale, akasimama. Alitazama baraza, akatazama mlango, akaelewa. Kisha akakaa kando yake, kwenye pembe ile ya ndani ambapo chokaa ilikuwa imeng'oka.

"Hapa ndipo husikika vizuri," alisema baadaye. "Pale mwisho upepo hutukua sauti."

Ndani mtoto alikuwa anasoma juzuu ya mwisho. Akaruka neno. Msichana mkubwa hakuliona. Umulkheir alifungua kinywa kumrudisha, akakumbuka neno lenyewe lina fa mbili, akafumba. Akasikia sauti kando yake ikilisema, neno zima na lililofuata na aya iliyofuata, kwa ra ya kooni, bila msahafu, bila kukwama. Ndani watoto wote wakageuza vichwa mlangoni.

Umulkheir alimgeukia. "Umehifadhi?"

"Juzuu kumi, kwa ile miezi mitatu nilokaa hapa. Zilobakiya nilihifadhi Kiwayu, hapakuwa na kazi nyingi." Hadil alikuwa anatazama viatu vya watoto mlangoni. "Kila siku nilifikiri leo utaniita ndani."

Umulkheir aliuteremsha mtandio, mdomo ukaonekana kama ulivyo. Neno lile lilikuwa na herufi moja tu ya midomo, waw, nayo haikutosha kumsaidia kuchelewa. "Hadil. Niwiya radhi."

Hadil hakusema "si neno", wala hakusema "yamepita". Alilia. Alilia kama mtoto wa miaka kumi na mmoja, kimkoba mapajani, na mwalimu wake akamshika kichwa akalia naye, mate na machozi yakishuka upande mmoja, na watoto arubaini wakichungulia dirishani.

"Ndoo, ngiya ndani," alisema Umulkheir, akimvuta mkono.

Hadil akaingia, akamtoa nyuzi pale pale sebuleni. Alikuwa anazitia za mwisho kwenye pamba Rawiya alipoingia hima na mwanawe mchanga, ana homa, hajalala tangu jana. Kwa mazoea alikwenda upande wa kushoto, akaona kovu, akasita. Hakujua amweke wapi mtoto.

"Mpe Hadil amsomee," alisema Umulkheir.

Rawiya alitazama huku na huku. Mji mzima ulijua ra ya Hadil. Lakini sauti ya mwalimu ilikuwa ile ile ya siku zote, akampa. Hadil akampakata mtoto, akasoma, na kila ra ilitoka kooni, moja baada ya moja, nene. Watoto arubaini walimtazama mwalimu, wakingoja lile neno lake. Hakulisema. Hadil akainama akamtemea mtoto utosini.

"Amin," alisema Umulkheir. Mim ilimtoka upande, na hakuirudia.